Puran poli: chapati tamu ya Holi, na swali la nani aipate kwanza

Usiku wa mwezi mpevu wa Phalgun, mwezi wa mwisho wa kalenda ya Kihindu inayofuatwa magharibi mwa India, mioto huwashwa mitaani na vijijini kote katika jimbo la Maharashtra. Huo ndio mkesha wa Holi, sikukuu ya kuyakaribisha majira ya machipuko. Wengi wetu tunaifahamu Holi kwa picha za watu waliopakana rangi kuanzia kichwani hadi miguuni. Lakini kwa familia za Kimarathi, siku hiyo huanza kujulikana kwa harufu ya jikoni: sukari guru inayeyuka pamoja na dengu, iliki na kungumanga zimekwisha sagwa, na samli iko tayari kando ya jiko.

Kinachopikwa ni puran poli. Poli ni chapati, na puran ni kile kinachojazwa ndani yake, yaani dengu zilizopondwa na kutiwa utamu. Ukiitazama kwa nje, utadhani ni chapati ya kawaida yenye rangi ya manjano. Ukiikata, unakuta tabaka nene la utamu lililobanwa kati ya ngozi mbili nyembamba za unga.

Katika makala hii tunaeleza chapati hiyo inavyopikwa, kwa nini hupikwa wakati huu wa mwaka, na ina ndugu gani katika majimbo mengine ya India. Tutatazama pia mjadala unaorudi Maharashtra kila Holi inapokaribia: je, poli itupwe motoni kama sadaka, au apewe mwenye njaa?

Kwa nini Holi, na kwa nini chapati hii?

Holi hufuata mwezi, kwa hiyo tarehe yake hubadilika kila mwaka kati ya mwisho wa Februari na Machi. Mwaka 2024 siku ya rangi iliangukia tarehe 25 Machi, na mwaka 2025 tarehe 14 Machi. Moto huwashwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Maharashtra ina desturi zake: siku inayofuata moto huitwa Dhulivandan, na watu wengi wamezoea kuchezea rangi siku ya tano, iitwayo Rang Panchami. Katika ukanda wa pwani wa Konkan, sikukuu yote huitwa Shimga.

Moto huo unaambatana na kisa kinachojulikana na karibu kila mtoto wa Kihindu. Mfalme Hiranyakashipu alitaka watu wamwabudu yeye peke yake. Mwanawe Prahlad akakataa, akaendelea kumwabudu Vishnu. Holika, dada wa mfalme, alikuwa na kinga dhidi ya moto, akakaa na mtoto huyo katikati ya miali ili amwangamize. Mambo yakageuka: Holika akateketea, Prahlad akatoka salama.

Kisa hicho kinaeleza moto, lakini hakielezi chapati. Ili kuielewa chapati inatubidi twende shambani. Katika sehemu hiyo ya India, ngano na dengu hupandwa baada ya mvua za monsuni kuisha, mwezi Oktoba na Novemba, na huvunwa Februari na Machi. Msimu wa kukamua miwa nao huanza karibu na Oktoba na kuendelea hadi Machi au Aprili. Maji ya miwa huchemshwa kwenye makarai mapana, povu lake likaondolewa, kisha yakishakuwa mazito humwagwa yagande na kuwa sukari guru. Mji wa Kolhapur, kusini mwa Maharashtra, unajulikana India nzima kwa sukari guru yake.

Kwa maneno mengine, Holi inapofika, ngano mpya iko ghalani, dengu mpya ziko kwenye magunia, na sukari guru ya msimu ipo sokoni. Puran poli inaviunganisha vitu hivyo vitatu katika sahani moja. Kwa mkulima, kuila siku hiyo ni kuonja mavuno. Na kwa kuwa ni mavuno, desturi inataka sehemu yake itolewe kabla ya mwenye nyumba kuonja. Hapo ndipo mjadala tutakaoueleza baadaye unapoanzia.

Mahitaji

Kabla ya kuorodhesha, tufafanue jambo moja. Dengu tunazozungumzia hapa ni zile kubwa kiasi, ambazo zikikobolewa na kupasuliwa huwa za njano. Wahindi huziita chana. Tusizichanganye na choroko za kijani, ambazo Wakenya wengi huziita ndengu.

Kwa poli kumi hivi, unahitaji:

- Dengu zilizokobolewa na kupasuliwa, kikombe 1 (kama gramu 200)
- Sukari guru iliyokatwakatwa, kikombe 1 (kama gramu 200)
- Unga wa ngano, vikombe 2. Wengi huchanganya unga usiokobolewa na mweupe, nusu kwa nusu
- Mafuta ya kupikia, vijiko 4 vya chakula
- Chumvi kidogo, na manjano kidogo kwa ajili ya rangi
- Iliki ya kusaga, nusu kijiko cha chai
- Kungumanga ya kukwaruza, robo kijiko cha chai
- Tangawizi kavu ya kusaga kidogo, ukipenda
- Unga wa mchele au wa ngano wa kunyunyizia wakati wa kusukuma
- Samli ya kupaka

Iliki na kungumanga huipa poli harufu. Wapishi wa Kimarathi huamini pia kwamba kungumanga na tangawizi kavu husaidia tumbo kuzimeng'enya dengu, na hasa kwa mtu aliyekula poli nne mchana, tahadhari hiyo si ya bure.

Kwanza: dengu

Osha dengu, uziloweke saa moja au mbili, kisha uzichemshe kwa maji mengi, kama vikombe vinne. Kwenye sufuria ya kawaida huchukua karibu saa nzima. Kwenye sufuria ya presha huiva mapema zaidi. Dalili ya kuiva ni hii: ukiibonyeza punje kati ya vidole viwili inapondeka mara moja, bila kiini kigumu ndani.

Usitie sukari guru kabla ya hatua hiyo. Sukari, pamoja na madini ya chokaa yaliyomo ndani ya sukari guru, huzuia dengu kulainika. Zikikutana na utamu kabla hazijaiva, utazichemsha hadi jioni na zitabaki na ugumu wake. Ni kanuni ileile anayoijua mpishi wa maharage: viungo vya kukaza vije mwisho.

Zikishaiva, zichuje vizuri kwenye chujio na uzihifadhi zile maji. Maji hayo yana kazi yake, nasi tutayarudia. Dengu zenyewe ziache zijichuje kwa dakika kadhaa, kwa sababu kila tone la maji linalobaki litaongeza muda wa kukaa jikoni.

Pili: kuzipatanisha dengu na sukari guru

Rudisha dengu kwenye sufuria nzito pamoja na sukari guru, uweke kwenye moto wa wastani. Dakika chache za kwanza huwatisha wasio na uzoefu: sukari inayeyuka, na mchanganyiko uliokuwa mzito unageuka kuwa kama uji. Endelea kukoroga bila kuacha hadi maji yakauke. Tumia mwiko mrefu, kwa sababu mchanganyiko huu unaporuka unaunguza vibaya na hushika ngozi.

Baada ya dakika 15 hadi 20 utaanza kuona mwiko ukiacha njia chini ya sufuria. Kipimo cha jadi cha Wamarathi ni kusimamisha kijiko katikati ya sufuria. Kikianguka, bado. Kikisimama wima, puran imeiva. Kumbuka kwamba ikipoa itakaza zaidi, kwa hiyo usingoje hadi ikauke kabisa ikiwa motoni.

Tia iliki, kungumanga na tangawizi, kisha uiponde ingali moto. Zamani ilisagwa juu ya jiwe bapa kwa jiwe la mkononi. Baadaye kikaja chombo cha chuma chenye mpini wa kuzungushwa na sahani yenye matundu, kinachoitwa puran yantra, ambacho bado kipo katika nyumba nyingi za Maharashtra. Usipokuwa nacho, chujio imara na mgongo wa kijiko vinatosha. La msingi ni kwamba isibaki hata punje moja nzima, kwa sababu punje hiyo ndiyo itakayoutoboa unga wakati wa kusukuma.

Tatu: unga

Changanya unga, chumvi, manjano na vijiko viwili vya mafuta, kisha ukande kwa maji hadi uwe laini kuliko unga wa chapati za kawaida. Ukiugusa unapaswa kunata kidogo. Ongeza mafuta yaliyobaki huku ukiendelea kukanda, hata kuupiga juu ya meza, mpaka uvutike bila kukatika. Ufunike na uuache upumzike saa moja au mbili.

Mapumziko hayo yana sababu. Unga wa ngano una protini ambazo zikikutana na maji na kukandwa huunda nyuzi zinazovutika, ziitwazo gluteni. Mara tu baada ya kukandwa, nyuzi hizo zinakuwa zimekaza, na chapati ukiisukuma inajirudisha. Zikipumzika zinalegea, na unga unakubali kutandazwa hadi uwe mwembamba kama kitambaa bila kupasuka.

Sasa tufike kwenye siri ya chapati yote. Unga na puran lazima viwe na ulaini unaolingana. Puran ikiwa ngumu kuliko unga, kijiti cha kusukumia kitautandaza unga na kuiacha puran imekaa katikati kama jiwe. Ikiwa laini kupita kiasi, itakimbilia ukingoni na kutoka. Vikilingana, vinasafiri pamoja hadi mwisho. Ndiyo maana mpishi mzoefu hubonyeza donge la unga kwa kidole, kisha donge la puran, kabla ya kusukuma poli ya kwanza. Puran ikiwa laini mno, irudishe kwenye moto kwa dakika chache. Ikiwa kavu mno, inyunyizie maziwa au maji ya moto kidogo na uiponde tena.

Nne: kujaza, kusukuma na kuchoma

Gawa unga katika madonge kumi, na puran katika madonge kumi. Donge la puran liwe kubwa kuliko la unga. Kwa wanaoanza, yakilingana ukubwa si vibaya. Kwa wapishi waliobobea, puran huwa karibu mara mbili ya unga, na hapo ndipo sifa za mpishi zinapopimwa.

Tandaza donge la unga kiganjani liwe kama kikombe, weka puran katikati, kisha kusanya kingo juu yake kwa vidole hadi zikutane. Zibane, na unga unaozidi juu ukate uuondoe, maana ukibaki utakuwa fundo gumu upande mmoja. Nyunyiza unga wa mchele juu ya kibao, bonyeza donge kwa vidole kuanzia pembeni kuja katikati, kisha anza kusukuma kwa mkono mwepesi. Geuza poli mara kwa mara. Mtu aliyezoea kukandamiza chapati kwa nguvu ajizuie hapa. Endelea hadi ifikie upana wa sentimita 18 au 20.

Chuma cha chapati kiwe na moto wa wastani. Moto mkali huunguza sukari iliyo karibu na ngozi kabla ya unga kuiva. Weka poli, subiri itoe malengelenge madogo, igeuze, paka samli, igeuze tena. Ikiwa imezibwa vizuri, mvuke wa ndani utaiumua kama mto. Ikipasuka na puran kuvuja, haijaharibika. Futa tu sukari iliyoganda kwenye chuma kabla ya kuchoma inayofuata, vinginevyo uchungu wake utahamia huko.

Poli huliwa ikiwa ya moto, imemwagiwa samli, au ikichovywa kwenye maziwa. Hukaa siku mbili hivi bila jokofu, jambo lililoifanya kuwa chakula kizuri cha safari. Na tuseme wazi kwa wasomaji wenye kisukari: sukari guru nayo ni sukari, na mwili huipokea hivyo, hata kama rangi yake ni ya kahawia na ladha yake ni ya shambani.

Maji ya dengu hayamwagwi

Tulisema yale maji yaliyochujwa yahifadhiwe. Wamarathi huyatumia kupika mchuzi mwepesi, mkali na wenye uchachu, uitwao katachi amti. Huwekwa ukwaju, pilipili, nazi iliyokaangwa na kusagwa, majani ya mchuzi, mchanganyiko wa viungo, na kipande kidogo cha sukari guru. Kijiko kimoja au viwili vya puran huongezwa ili upate uzito kidogo.

Mchuzi huo huletwa mezani pamoja na poli, na kazi yake ni kuukata utamu. Mlaji anatafuna kipande kitamu, anakunywa funda la uchachu, kisha anarudi kwenye utamu akiwa na hamu mpya. Huko Karnataka wana mchuzi wa aina hiyohiyo, unaopikwa kwa maji yaleyale.

Ndugu zake katika majimbo mengine

Puran poli haikai Maharashtra peke yake. Ukivuka kwenda Karnataka utaikuta ikiitwa holige au obbattu, na siku yake kubwa ni Ugadi, mwaka mpya unaoingia takriban wiki mbili baada ya Holi. Siku hiyohiyo Wamarathi husherehekea mwaka wao mpya, Gudi Padwa, na poli hurudi mezani. Wapishi wengi wa Karnataka hawatumii kijiti. Huitandaza kwa vidole vilivyopakwa mafuta juu ya jani la mgomba. Wana pia aina inayojazwa nazi na sukari guru badala ya dengu.

Kwa wasemao Kitelugu, katika Andhra Pradesh na Telangana, jina ni bobbatlu au bhakshalu. Kwa Watamili ni poli au boli. Katika mji wa Thiruvananthapuram, kusini kabisa mwa Kerala, boli ya manjano huliwa pamoja na payasam, uji mtamu wa maziwa, kwenye karamu za harusi. Gujarat huiita puran puri au vedmi, na mara nyingi huipika kwa mbaazi za kupasua badala ya dengu.

Hata ndani ya Maharashtra kwenyewe kuna tofauti. Katika eneo la Khandesh, kaskazini mwa jimbo, wapo wanawake wanaoitandaza poli kwa kuirusha na kuizungusha mikononi, bila kibao, hadi iwe pana kuliko sinia. Kisha huitupa juu ya mgongo wa chungu cha udongo kilichofudikizwa juu ya moto. Poli hiyo, iitwayo mande, huwa nyembamba kiasi cha kukunjwa kama leso.

Je, ni nani aliyeanza? Wenyeji wa kila jimbo watakuambia ni wao. Kinachojulikana ni kwamba sanaa ya mapishi katika eneo hilo imeandikwa tangu zamani. Manasollasa, kitabu cha Kisanskriti cha karne ya 12 kilichotungwa na mfalme Someshvara III wa ukoo wa Chalukya, kina sehemu nzima inayohusu vyakula vya kasri. Ufalme huo ulitawala ardhi ambazo leo zimegawanyika kati ya Karnataka na Maharashtra, kwa hiyo mipaka ya majimbo ya leo haisaidii sana kuamua ugomvi huo.

Poli ya kwanza ni ya nani?

Katika nyumba ya Kimarathi inayofuata desturi, poli ya kwanza kutoka jikoni haionjwi. Huwekwa kwenye sahani pamoja na wali, mchuzi na samli, ikatolewa kwa mungu wa nyumba. Jioni ya Holi, poli hupelekwa kwenye moto wa mtaa na kutupwa ndani yake pamoja na nazi, huku watu wakiuzunguka.

Moto si mpokeaji pekee. Kuna sikukuu nyingine iitwayo Pola, inayofanyika Agosti au Septemba, ambapo wakulima wa Maharashtra huwapumzisha ng'ombe dume wanaolima. Huwaosha, huwapaka rangi pembe, huwavisha shada za maua, na kuwalisha puran poli. Mnyama aliyevuta jembe mwaka mzima hupata sehemu yake ya kilichopatikana.

Lakini ni ile poli ya motoni iliyozua mjadala. Shirika la Maharashtra Andhashraddha Nirmoolan Samiti, lililoanzishwa mwaka 1989 na daktari Narendra Dabholkar kupambana na imani za kishirikina, limekuwa likiendesha kampeni kila Holi yenye ujumbe mfupi: uwasheni moto mdogo, na poli mtoeni sadaka. Wanaojitolea husimama karibu na mioto katika miji kadhaa ya jimbo hilo, wakiwaomba watu wawape wao poli walizozileta. Zikikusanywa, hupelekwa usiku huohuo kwa familia maskini na watu wanaolala nje.

Hoja yao ni rahisi kuifuata. Mtaa mmoja unaweza kutupa motoni mamia ya chapati zilizopikwa kwa ngano, dengu na samli, wakati mita chache kutoka hapo yupo mtoto ambaye hajaonja utamu huo mwaka mzima. Wanaongeza suala la kuni: mioto mikubwa hula miti mingi, na kila mtaa hutaka moto wake uushinde wa jirani.

Wapo wasiokubaliana nao. Kwao, poli inayotolewa kwa moto ni ibada, na ibada haipimwi kwa mizani ya jikoni. Wanasema pia kwamba familia nyingi hutupa kipande kimoja tu, na kwamba hakuna desturi inayomzuia mtu kumlisha jirani siku hiyohiyo. Wengine huliona shirika hilo kama wageni wanaotaka kuwafundisha dini yao.

Mjadala wa imani na desturi katika jimbo hilo haujawa wa maneno matupu. Dabholkar aliuawa kwa kupigwa risasi mjini Pune tarehe 20 Agosti 2013, akiwa katika matembezi yake ya asubuhi. Kampeni ya poli iliendelea baada ya kifo chake. Familia nyingine zimepata njia ya katikati: kipande kidogo kwa moto, poli nzima kwa mwenye njaa. Kwa kuwa desturi yenyewe inasema mavuno yatolewe kwanza ndipo yaliwe, pande zote mbili zinakubaliana kuhusu kutoa. Zinatofautiana kuhusu mpokeaji.

Kazi ya mikono ya nani?

Kuna jambo lisilozungumzwa sana siku ya sikukuu, nalo ni kazi. Kuanzia kuloweka dengu hadi poli ya mwisho, ni shughuli ya nusu siku, na kwa kawaida ni ya wanawake. Katika familia kubwa za zamani, mmoja alisaga, mwingine alijaza, wa tatu alisukuma, na aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote ndiye aliyekaa kwenye chuma. Msichana alijifunza kwa kutazama, kwa sababu ulaini wa unga hauelezeki vizuri kwa maneno.

Leo, katika fleti za Mumbai na Pune, mara nyingi yupo mtu mmoja tu jikoni, naye ametoka kazini. Wengi hununua. Maduka ya vitamu huuza poli mwaka mzima, na Holi inapokaribia huchukua oda mapema. Vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopa navyo vimeifanya kuwa chanzo cha kipato, vikipika kwa mamia na kuuza mtaani. Kwa hiyo ujuzi ambao nyumbani haukulipwa sasa una bei, ingawa unabaki kwa mikono michache zaidi.

Uhusiano wake na Afrika Mashariki

Msomaji wa Mombasa, Dar es Salaam au Kampala huenda akaikuta chapati hii kwa majirani zake. Wahindi wengi wa Afrika Mashariki wana asili ya Gujarat na Kutch, kwa hiyo inayopikwa majumbani mwao mara nyingi ni puran puri ya mbaazi. Viungo vyake vyote vinapatikana sokoni kwetu. Sukari guru, ambayo Wakenya wengi huiita sukari nguru, hutengenezwa huku pia.

Uhusiano mwingine uko shambani. Dengu zinazolimwa kwenye udongo mweusi wa kanda ya ziwa nchini Tanzania, na mbaazi za Mtwara, Lindi na Manyara, soko lake kubwa ni India. Agosti 2017, baada ya mavuno mazuri ya ndani, serikali ya India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoagizwa kutoka nje. Bei iliporomoka, na wakulima wa Tanzania wakabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Uamuzi uliopitishwa New Delhi ulifika hadi kwa mkulima wa Newala ambaye pengine hajawahi kulisikia jina puran puri.

Kwa anayetaka kujaribu, ushauri wetu ni kuanza siku isiyo na wageni. Pika puran jana yake, kwani hukaa vizuri kwenye jokofu na asubuhi huwa imetulia na kushikana. Itoe mapema ili isiwe baridi na ngumu kuliko unga. Poli mbili za kwanza huenda zikapasuka; kufikia ya tano, mkono utakuwa umezoea. Na kwa kuwa kikombe kimoja cha dengu hutoa poli kumi, ambazo ni nyingi kwa nyumba ya watu watatu, utakuwa na za kumpelekea jirani zikiwa bado za moto.